Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Mzee, Dhumna na Mfumo wa Wishiboni

Usiku wa kwanza nilipopangiwa kumwangalia yule mzee, nilikuta sanduku la dhumna mezani kwake, na moyo wangu ukatulia. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Nimekulia barazani, nikisikia vipande vya dhumna vikibamizwa mezani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, watu wazima na mvi zao wakitambiana kama watoto. Kumbe Texas, huku Marekani, nao wana dhumna yao. Wanaiita arobaini na mbili. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili, na ndani yake mna kunadi na turufu kama kwenye karata. Mzee aliujua mchezo huo tangu utotoni. Akaniambia wenziwe watatu wa meza wote wameshatangulia mbele ya haki.

Usiku ule hatukucheza. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba na runinga ilikuwa ikionyesha mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Nikamuuliza swali tunalouliza sote tuliokulia kwenye soka: mbona wanasimama kila baada ya sekunde tano? Akazima sauti ya runinga, akaniomba nisogeze sanduku.

Alikuwa amepata kiharusi na mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Kwa hiyo yeye akaelekeza kwa kidole cha kushoto, mimi nikapanga. Vipande vya dhumna ni 28. Tukatoa 22, tukavilaza kifudifudi, kumi na moja huku na kumi na moja kule. Sita vikabaki ndani ya sanduku.

Kwa asiyeujua mchezo huu: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu, inapewa mengine manne; isipofaulu, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana wanasimama. Kila jaribio linapangwa upya, na namna watu walivyojipanga kabla mpira haujatoka chini ndiyo nusu ya vita. Aliyewahi kukaa kijiweni akasikiliza ubishi wa 4-3-3 na 3-5-2 ataelewa upesi. Tofauti ni kwamba kwenye soka mfumo unavurugika dakika ya kwanza, wachezaji wakaanza kuogelea humo humo. Huku mfumo unarudi mara sitini, mara sabini katika mechi moja, umenyooka kama mstari wa swala.

Mfumo alionipangisha usiku ule nimeupenda kuliko jambo lolote nililojifunza kuhusu nchi hii, na nimekuwa nikiutafutia maneno ya Kiswahili tangu siku hiyo.

Watu saba wanasimama mbele kwenye mstari. Nyuma ya yule wa katikati, karibu kabisa, anasimama kwotabeki, ambaye ndiye anayeupokea mpira. Hatua chache nyuma yake yuko fulbeki. Nyuma ya fulbeki, mmoja kulia na mmoja kushoto, wako hafubeki wawili. (Baba zetu walitumia maneno haya haya, fulbeki na hafubeki, kwa mabeki wa soka. Huku fulbeki ni mshambuliaji, na anashambulia kwa kichwa na mabega.) Ukivitazama vipande vinne vile kutoka juu, vinafanya panda, kama mti wa manati. Wamarekani waliuona mfupa wa kuku, ule wa kidarini wenye matawi mawili. Sisi kwenye kuku tuna mambo yetu, firigisi ni ya baba na anayeigusa atajieleza. Wao wana mfupa huo: watu wawili wanaushika kila mmoja tawi lake, kila mmoja ananuia jambo moyoni, wanauvuta mpaka uvunjike, na anayebaki na kipande kirefu ndiye nia yake itatimia. Mfumo ukapewa jina la mfupa. Wishiboni.

Mzee akaniambia, "Sasa wewe ni huyu." Akagusa kipande cha pembeni cha timu pinzani, mlinzi wa mwisho wa safu. "Kazi yako ni kumkamata mwenye mpira."

Kwotabeki anaupokea mpira, anageuka, anaukandamiza tumboni kwa fulbeki ambaye tayari anakimbia moja kwa moja katikati. Kwa muda wa pumzi moja wote wawili wameushika. Mimi, mlinzi, namwona fulbeki anakuja na nguvu zake zote, namvamia. Mzee akatikisa kichwa. Kwotabeki ameuchomoa mpira, anakimbia nao pembeni, mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

Tukarudia. Safari hii nikamwacha fulbeki apite, nikasimama kumngoja kwotabeki. Basi akamwachia fulbeki mpira, naye akapita katikati yadi nane. Akanihamishia kwenye kipande kingine, mlinzi wa pili, wa nje zaidi. Kwotabeki ananijia na mpira mkononi. Nikamkimbilia. Kabla sijamfikia akautupa pembeni kwa hafubeki anayekimbia sambamba naye hatua chache nyuma, na huyo akaondoka kando ya uwanja peke yake. Tukarudia tena, nikamfuata hafubeki. Kwotabeki akaingia ndani na mpira wake.

Nikamwambia Mzee hapo hakuna jibu sahihi. Akasema, "Ndiyo maana yake, mwanangu."

Nikamkumbuka bibi yangu. Fisi alisikia harufu ya nyama, akaifuata, akafika njia panda. Harufu inatoka huku, na inatoka kule. Akaweka mguu mmoja njia hii na mguu mwingine njia ile, akaenda kote kuwili, mpaka akapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi. Nilimsimulia Mzee hadithi hiyo palepale, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nimsimulie tena.

Jambo lililonishika zaidi alinieleza baadaye. Katika mchezo huu karibu kila mtu kwenye timu yenye mpira ana kazi ya kumzuia mpinzani fulani kwa mwili wake, amsukume, amwangushe, amwondoe njiani. Shida ni hesabu. Mwenye mpira hawezi kumzuia mtu, na aliyempa mpira kwa kawaida anabaki amesimama akitazama, kwa hiyo wapinzani huwa wamekuzidi watu. Wishiboni inaimaliza shida hiyo kwa namna ambayo hakuna mwenye akili za kawaida angeithubutu: inawaacha walinzi wawili bila kuguswa na mtu. Inawachagua makusudi wale wawili walio karibu kabisa na mpira, wenye uwezo wa kuiharibu shughuli yote, halafu inawaambia amueni. Waliokuwa wawazuie hao wanakwenda kuwazuia wengine. Mlinzi aliyeachwa huru ndiye anayejiondoa mwenyewe, kwa uamuzi wake.

Wengi huuita mfumo huu wa hila. Sikubaliani nao. Njia zote tatu ziko wazi mbele ya macho ya mlinzi. Anachonyimwa ni nafasi ya kuzifunga zote kwa mara moja.

Mtu aliyeuchora mfumo huu aliitwa Emory Bellard. Kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Texas alikuwa kocha wa shule za sekondari katika miji ambayo watu wa nje ya jimbo hawaisikii, Ingleside, Breckenridge, San Angelo. Breckenridge alitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1958 na 1959, San Angelo mwaka 1966. Napenda kwamba wazo kubwa namna hii lilitoka kwa mwalimu wa vijana wa mitaani. Anayefundisha shule hachagui wachezaji. Anapewa watoto wa mji ule, wanene kwa wembamba, na lazima atafute namna ya kuwafanya wadogo wawashinde wakubwa.

Mkuu wake pale Austin alikuwa Darrell Royal. Royal alikuwa ameshaipa Texas ubingwa wa taifa mwaka 1963, lakini misimu mitatu iliyofuatia ile ya 1964, yaani 1965, 1966 na 1967, timu ilipoteza mechi nne kila msimu. Kwa Texas hiyo ni misiba mitatu mfululizo. Kabla ya msimu wa 1968 akamkabidhi Bellard kazi ya kutafuta mfumo mpya. Walikuwa na wakimbiaji wazuri kupita nafasi zilizopo: Chris Gilbert, Ted Koy, na kijana mmoja mwenye mapaja kama magogo, Steve Worster. Bellard hakuanza na ukurasa mtupu. Kule Houston kocha Bill Yeoman alikuwa ameshaanza kuwaacha walinzi bila kuzuiwa, kwa mfumo wenye wakimbiaji wawili nyuma. Msimu huo huo wa 1968 Houston iliifunga Tulsa 100 kwa 6. Bellard alichoongeza ni mkimbiaji wa tatu. Kwa kuongeza huyo mmoja, mfumo ukawa na uzito sawa kulia na kushoto, mlinzi asijue shambulizi litaelekea wapi, na hafubeki mmoja akawa huru kutangulia kumsafishia njia mwenzake.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Houston wenyewe, ikaisha 20 kwa 20. Baada ya mechi mwandishi wa gazeti la Houston Post, Mickey Herskowitz, ndiye aliyeufananisha mpangilio ule na mfupa wa kuku, na jina likashika. Wiki iliyofuata Texas ikafungwa na Texas Tech, 31 kwa 22.

Hapo kocha mwingine angeukunja mchoro akautia mfukoni. Royal alifanya mambo mawili. Alimtoa kwotabeki wake mashuhuri, Bill Bradley, akamwingiza James Street, kijana mdogo wa umbo asiye na mkono wa kurusha mbali. Na fulbeki akasogezwa nyuma kidogo, kwa sababu Worster alikuwa amesimama karibu mno na kwotabeki alikuwa hapati muda wa kumsoma mlinzi.

Ni nafasi ndogo tu. Ilimpa Street kufumba na kufumbua kumoja zaidi, na hapo ndipo mfumo ukaanza kupumua. Texas ikashinda mechi iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata, hadi zikafika 30 mfululizo. Street alianza mechi 20 na hakupoteza hata moja.

Mechi ambayo Mzee aliisimulia kama watu wa kwetu wanavyosimulia vita ni ya tarehe 6 Desemba 1969, mjini Fayetteville, Arkansas dhidi ya Texas. Timu namba moja na namba mbili nchini, na Rais Nixon yumo uwanjani. Robo ya mwisho inaanza, Arkansas inaongoza 14 kwa 0. Street anachomoka na mpira, yadi 42, anafunga. Kisha akaingia tena kwa miguu kuchukua pointi mbili za nyongeza. Dakika zinayoyoma, Texas wako jaribio la nne na bado yadi tatu, ndani ya nusu yao wenyewe. Wapinzani wote wanajua watakimbia. Royal, kocha aliyejulikana kwa kutopenda kurusha mpira, akaagiza warushe. Street akaupeleka mbali, Randy Peschel akaudaka katikati ya walinzi wawili, yadi 44. Jim Bertelsen akamalizia na teke la nyongeza likafanya 15 kwa 14.

Mzee alikuwa mtoto wakati huo, akitazama na baba yake. Alisema nyumba nzima ilinyamaza mpira ulipokuwa hewani.

Kuna jambo ambalo hakulitaja, nami nililiona niliposoma mwenyewe na kutazama picha za siku ile. Wachezaji wote, wa timu zote mbili, ni weupe. Texas ya 1969 ndiyo timu ya mwisho kutwaa ubingwa wa taifa bila mchezaji mweusi hata mmoja. Julius Whittier alikuwa ameshaingia chuoni hapo mwaka huo, lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu kubwa. Akaanza kuonekana uwanjani mwaka 1970. Nilipomuuliza Mzee, alinyamaza kidogo, akasema shuleni kwao watoto weusi waliingia akiwa darasa la tisa, na hafubeki bora aliyepata kucheza mbele yake alikuwa mmoja wao.

Kisha kikaja kitendo ambacho sijakiona kwenye michezo mingine. Mwaka 1970 Oklahoma, mahasimu wakubwa wa Texas, walikuwa wanayumba na kocha wao Chuck Fairbanks alikuwa karibu kufukuzwa. Msaidizi wake, Barry Switzer, akashawishi wahamie kwenye wishiboni katikati ya msimu. Royal, mwenyewe mzaliwa wa Oklahoma na mchezaji wa zamani wa chuo kile, akaridhia Bellard awafunulie siri. Mechi yao ya kwanza na mfumo ule walikutana na Texas, wakapigwa 41 kwa 9. Mwaka uliofuata wakarudi wakiwa na kwotabeki Jack Mildren na hafubeki Greg Pruitt, wakaifunga Texas 48 kwa 27, na kwa wastani wakakimbia zaidi ya yadi 472 kila mechi, rekodi ya vyuo vikuu. Oklahoma waliifunga Texas miaka mitano mfululizo, 1971 hadi 1975. Mwaka 1976 walitoka sare 6 kwa 6, na msimu ulipoisha Royal akastaafu. Tenda wema nenda zako. Yeye alitenda wema, akafungwa kwa wema wake mwenyewe miaka mitano.

Bear Bryant, kocha wa Alabama, naye alimwendea Royal. Alikuwa amemaliza misimu miwili mibaya, ameshinda mechi sita tu kila msimu, na watu wakaanza kusema amezeeka. Mwaka 1971 Royal akamfundisha. Bryant akawafua vijana wake kwa siri mwezi wa Agosti nzima. Waandishi wakija mazoezini, timu inacheza mfumo wa zamani. Tarehe 10 Septemba wakatokea Los Angeles mbele ya USC, chuo cha mji huo huo, timu iliyokuwa imewafedhehesha nyumbani mwaka mmoja nyuma, wakajipanga kwa umbo la mfupa, wakashinda 17 kwa 10. Jioni hiyo John Mitchell akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea Alabama.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala hili la nani aliruhusiwa kusimama pale kwenye njia panda, kwa sababu linaniuma.

Kwa miongo mingi makocha wa Marekani walishikilia kwamba mtu mweusi ana mbio lakini kichwa cha kuongoza timu hana. Wakamweka pembezoni akimbie, wakamnyima ukwotabeki. Wishiboni ilifungua mlango kwa sababu ilihitaji kwotabeki mwenye miguu. Thomas Lott akaiongoza Oklahoma mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada yake J.C. Watts, aliyeibuka mchezaji bora wa Orange Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za kufunga msimu, mara mbili mfululizo, na ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mbunge wa Oklahoma kule Washington. Mwaka 1985 Jamelle Holieway, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, akaipa Oklahoma ubingwa wa taifa.

Halafu angalia walichofanyiwa walipotoka chuoni. Ligi kubwa ya kulipwa ilimchukua Lott, ikamfanya mkimbiaji wa kawaida. Watts alichaguliwa mwaka 1981, akaona hatapewa nafasi yake, akaenda kucheza ukwotabeki Kanada. Sababu iliyokuwa ikitolewa ni kwamba kwotabeki wa wishiboni hakuwa kwotabeki wa kweli, alikuwa mkimbiaji tu. Mimi niliyekaa na vile vipande vya dhumna usiku baada ya usiku sielewi mtu mwenye macho aliwezaje kusema hivyo. Kwotabeki wa kawaida wa siku zile aligeuka, akampa mwenzake mpira, akasimama. Huyu wa wishiboni, akiwa katikati ya mbio, huku mtu wa kilo mia na zaidi anamjia usoni, anasoma bega la mlinzi wa kwanza, anaamua, anasoma goti la mlinzi wa pili, anaamua tena, na yote hayo yanakwisha kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mfumo mzima umejengwa juu ya akili yake. Walimtazama mtu anayefikiri kwa kasi kuliko wote uwanjani, wakaona miguu peke yake.

Mzee alicheza fulbeki.

Hili nilikuwa nimelijua tangu mwanzo, lakini uzito wake uliniingia taratibu. Alicheza katika shule ya mji mdogo, katikati ya miaka ya 1970, wakati karibu kila shule ya Texas aliyoijua ilikuwa imeiga mfumo wa Royal. Fulbeki wa wishiboni anakimbia katikati kila mara, awe na mpira au asiwe nao, kwa sababu bila yeye kuonekana ana mpira hadaa ya tumbo haifanyi kazi. Na mlinzi anayemwona anakuja hawezi kuhatarisha. Anampiga. Akiwa na mpira anapigwa, akiwa hana anapigwa vilevile, na mara hizo za pili hakuna anayeandika jina lake popote, kwa sababu macho ya watu yote yamekwenda na hafubeki kule pembeni.

Nilikuwa namwogesha. Nilikuwa namgeuza kitandani saa nane za usiku asipate vidonda. Nayajua magoti yake, lile la kushoto lenye kovu refu la upasuaji na la kulia ambalo lilikuwa halikunjiki zaidi ya nusu. Nalijua bega lake. Usiku mmoja nilimuuliza kama angerudi nyuma angechagua tena kucheza. Akasema shabaha yake ilikuwa apigwe sana kiasi kwamba mlinzi abaki naye chini sekunde moja zaidi, na akiinua kichwa amwone hafubeki wao anakata mstari. Alisema hakuna kelele duniani kama ile unayoisikia ukiwa umelala chini ya watu, hujui kimetokea nini ila unajua ni chenu.

Wishiboni haikuuawa na siku moja. Ilikuwa na udhaifu wake tangu mwanzo: mpira unaotupwa hovyo huanguka, na Oklahoma waliuangusha mno, na ukiwa nyuma kwa pointi nyingi, kukimbia kunakula saa. Lakini waliouvunja kweli ni Miami. Misimu mitatu, 1985 hadi 1987, Oklahoma walipoteza mechi moja tu kila msimu, na zote tatu ni dhidi ya Miami. Kocha Jimmy Johnson alikuwa na walinzi wenye mbio kiasi kwamba yule aliyeachwa bila kuguswa aliweza kumwangalia fulbeki na bado akamfikia kwotabeki. Fisi akapata miguu ya duma. Huo ndio ufa pekee wa wazo la Bellard: linadhani mtu hawezi kwenda njia mbili, na ghafla wakapatikana watu waliokaribia kuweza.

Vyuo vya jeshi ndivyo vilivyoushikilia urithi, katika umbo lililonyooshwa kidogo, hafubeki wakiwa wamesogezwa mbele karibu na mstari. Wanafunzi wa Army, Navy na Air Force ni watu wenye mwili wa kawaida, wanaokwenda kuwa maofisa, hawawezi kusukumana na majitu ya vyuo vingine. Wakarudi kwenye hesabu ile ile ya mwalimu wa Breckenridge.

Na kwa waliobaki, wazo lilibadili nguo likarudi. Miaka ya 1990 kocha Rich Rodriguez, akiwa katika chuo kidogo kimoja cha jimbo la West Virginia, alimweka kwotabeki nyuma mbali na mstari, akatawanya wachezaji uwanja mzima, kisha akamwacha mlinzi mmoja wa pembeni bila kuguswa. Akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira. Ni fisi yule yule. Tarehe 4 Januari 2006, katika Rose Bowl, Texas walikuwa nyuma, jaribio la nne, yadi tano zinahitajika, sekunde zilizobaki hazifiki thelathini. Vince Young, kwotabeki mweusi wa Chuo Kikuu cha Texas, alirudi nyuma kana kwamba anarusha, akaona njia upande wa kulia, akakimbia mpaka ndani. Texas 41, USC 38. Alikimbia yadi 200 usiku ule.

Royal alifariki Novemba 2012. Siku chache baadaye Texas walicheza nyumbani, kwenye uwanja wenye jina lake, na jaribio lao la kwanza walijipanga kwa umbo la mfupa. Watu wakasimama. Kila mtu alitarajia wakimbie. Mpira ukatupwa pembeni, ukarudishwa kwa kwotabeki, naye akaurusha mbele yadi 47. Mzee alikuwa na mkanda wa mechi hiyo na nadhani tumeutazama mara tisa.

Desemba iliyofuata usiku wetu wa kwanza tulitazama Army dhidi ya Navy, mechi ambayo hakubali kuikosa. Nilikuwa nimemvalisha soksi nzito, nimempandishia blanketi hadi kiunoni, dhumna ziko mezani lakini hakuna aliyezigusa. Kiharusi kilikuwa kimemrudia na maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. Army wakajipanga karibu na mstari wa goli. Kidole chake cha kushoto kikainuka kutoka kwenye blanketi, kikamwelekea mlinzi wa pembeni wa Navy, kikabaki hapo hapo hewani.

"Huyo," akasema. "Hawamgusi."

Mpira ukatoka chini. Hakuna aliyemgusa. Akasogea ndani hatua mbili kumfuata fulbeki, na Mzee akafumba macho kabla mpira haujachomolewa, akisikiliza.